Japani hawatakukemea: ushauri kwa anayekwenda kuishi huko

Kila Machi na kila Septemba, wiki chache kabla vyuo vya Japani havijafungua mihula, simu yangu hujaa jumbe kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, na mara mojamoja Bujumbura. Wanaoniandikia ni vijana waliopata ufadhili, mafundi walioitwa na kampuni, na wafanyabiashara wa magari yaliyotumika wanaotaka kukaa karibu na minada. Maswali yao hufanana: baridi ikoje, unga wa ugali unapatikana, hela itatosha? Nitayagusa hayo. Lakini lipo jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza, nalo ndilo linalowaumiza wengi baada ya miezi michache: Japani, ukikosea, yamkini hakuna atakayekuambia usoni.

Sisi tumelelewa na watu wanaosema. Ukimwaga maji machafu barazani kwa mtu, utasikia sauti yake kabla ndoo haijaisha. Mpangaji mwenzako akikerwa na redio yako atagonga mlango, mtabishana, na kesho mtasalimiana. Japani jirani aliyekosa usingizi kwa ajili yako atakuinamia kwa heshima asubuhi kama kawaida. Malalamiko yake atayapeleka kwa wakala wa nyumba, wakala ataandika karatasi, na karatasi hiyo itaingia kwenye kisanduku chako cha barua bila jina la aliyelalamika wala la aliyelalamikiwa. Usiwaone wanafiki kwa hilo. Ni watu wanaoishi kwa kubanana, na wanaona kumwaibisha mtu mbele ya wenzake ni ubaya mkubwa kuliko kelele zake. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujifunza njia ambazo ujumbe hupitia: karatasi, stika, ukimya, na mtu wa katikati.

Mwanafunzi mmoja wa kutoka Morogoro, ninayemfahamu vizuri, alikuwa akiwaalika wenzake Jumamosi jioni. Hawakunywa, hawakupigana, walipika pilau, wakacheka, wakaongea na simu za nyumbani kwa sauti zetu za kawaida hadi usiku. Karatasi ya kwanza ilipokuja, ilisema tu kwamba wakazi wote wanaombwa kuwa waangalifu na sauti baada ya saa nne usiku. Aliisoma kwa msaada wa simu akaona ni tangazo la jengo zima. Ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila imetaja siku: Jumamosi. Ya tatu haikuja. Alipigiwa simu na wakala kuulizwa kama anafikiria kuhama mkataba utakapokwisha. Kwa macho ya mwenye nyumba, kijana alikuwa ameonywa mara mbili waziwazi. Kwa macho ya kijana, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno. Basi shika hili: tangazo la jumla lililowekwa kwenye kisanduku chako lisome kana kwamba limeandikwa kwa ajili yako peke yako, mpaka uhakikishe vinginevyo.

Siku zako za mwanzo nazo ni za karatasi tupu. Ukishuka kiwanja cha ndege cha Narita, Haneda, Kansai au Chubu ukiwa na viza ya muda mrefu, ofisa wa uhamiaji anakukabidhi kadi ya ukaazi papo hapo. Tembea nayo kila utokapo, hata ukienda kununua maziwa dukani. Ni sheria kwa kila mgeni mwenye miaka 16 na kuendelea. Ukishapata pa kuishi, una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa au ya kata kuandikisha anwani. Hapo ndipo milango mingine inapofunguka: anwani inaandikwa nyuma ya kadi, unaingizwa bima ya afya na pensheni, na baadaye unaletewa kwa posta namba yako binafsi ya tarakimu 12. Anza na anwani, ufuate laini ya simu, umalizie na benki. Anayeanza na benki huambiwa alete namba ya simu, na duka la simu humuuliza kadi yenye anwani.

Kuhusu jina, wengi hulipuuza mpaka mshahara ukwame. Kadi itabeba majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, hata yakiwa manne, na fomu nyingi zina nafasi ya mawili tu. Andika yote, yabanane. Halafu amua mapema jina lako litaandikwaje kwa katakana, yaani herufi za maneno ya kigeni, na usibadilishe hata alama moja. Benki za Japani hulinganisha jina la katakana la anayelipwa. Tahajia ya mwajiri ikitofautiana na ya benki, fedha hurudi zilikotoka.

Nyumba ndiyo gharama itakayokushtua. Kabla hujalala usiku wa kwanza utatakiwa dhamana, mara nyingi na zawadi ya mwenye nyumba isiyorudishwa, ada ya wakala, ada ya kampuni ya udhamini, na kodi ya mwezi wa kwanza. Andaa fedha sawa na kodi ya miezi minne hadi mitano. Baadhi ya wenye nyumba hawapangishi wageni, na wakala atakuambia kwa lugha laini kwamba nyumba ile imeshapata mtu. Inauma, nami siipambi. Jaribu bweni la chuo kwanza, au nyumba za shirika la UR, ambako hakuna zawadi ya mwenye nyumba, ada ya wakala wala mdhamini. Wanachotazama ni kipato na aina ya viza yako.

Takataka nitazieleza kwa urefu, maana ndiko majirani wanakokupimia. Kila mji una kanuni zake, na miji miwili inayopakana hutofautiana. Yokohama ninakoishi, makopo, chupa za glasi na chupa za plastiki za vinywaji huingia mfuko mmoja. Ukienda Tokyo, katika kata nyingi kila kimoja kina mahali pake. Kuna miji inayokulazimu kununua mifuko maalumu ya manispaa. Kamikatsu, mji mdogo wa milimani mkoani Tokushima, wanatenganisha kwa mafungu zaidi ya 40. Chupa ya soda huvuliwa kifuniko, hubanduliwa karatasi, husuuzwa, hukandamizwa. Mafuta ya kukaangia hayamwagwi kwenye sinki. Kuna unga wa kuyagandisha unaouzwa dukani. Takataka hutolewa asubuhi ya siku yake, katika miji mingi kabla ya saa mbili, na mifuko hufunikwa wavu kwa sababu ya kunguru. Godoro, kabati au baiskeli mbovu havitupwi hivihivi: unaweka miadi na manispaa, unanunua stika ya malipo kwenye duka la saa 24, unaibandika, unakiweka nje siku uliyopangiwa.

Ukikosea, mfuko wako unaachwa. Mingine yote inachukuliwa, wako unabaki peke yake kando ya barabara ukiwa na stika yenye alama ya kosa. Katika mtaa wangu yupo mama mzee mwenye glavu za pamba ambaye hubaki baada ya gari kupita, akainamia mifuko iliyoachwa, akafungua mmoja mmoja na kuupanga upya. Hamtafuti mwenye mfuko, wala hasemi na mtu. Ukiona stika kwenye mfuko wako, uchukue siku hiyohiyo urudi nao ndani, na usimwachie mzee kazi hiyo. Siku utakayokutana naye, mwonyeshe mfuko wako na umuulize kifuniko hiki kinakwenda wapi. Nakuhakikishia utapata mwalimu.

Hapo pana siri ya kuuliza ambayo ningependa kila mgeni aijue. Usiulize, “Kuna tatizo lolote?” Jibu litakuwa kwamba hakuna, kila mara, hata kama lipo kubwa. Uliza jambo dogo, mahususi, kabla ya kulifanya: mashine ya kufulia naruhusiwa kuiwasha mpaka saa ngapi? Wageni wangu waweke wapi baiskeli? Barua pepe hii kwa bosi nimeiandika sawasawa? Swali la namna hiyo halimlazimishi mtu kukulaumu, kwa hiyo anakujibu kwa moyo wote.

Kazini ni vivyo hivyo. Ukitoa pendekezo mkutanoni na mkuu wako akavuta pumzi kati ya meno, akainamisha kichwa na kusema watalitazama, mara nyingi limeshakataliwa. Usilirudie pale mbele ya watu. Mfuate baadaye ukiwa na njia mbili za kuchagua, ili kuchagua moja kusionekane kuwa ni kukukatalia nyingine. Toa taarifa kabla hujaulizwa, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba kazi haijaisha. Ukijua utachelewa dakika tano, piga simu. Treni ikichelewa, chukua cheti cha ucheleweshaji stesheni au kwenye mtandao wa kampuni ya treni umpe ofisa wako. Na ukialikwa kwenye vinywaji baada ya kazi, nenda walau baadhi ya siku, hata kama hunywi pombe. Agiza chai baridi. Yale ambayo bosi hakuyasema mchana kutwa, pale huweza kuyasema.

Mwanafunzi anayefanya kibarua ana kikomo cha saa 28 kwa wiki, na wakati wa likizo ndefu saa 8 kwa siku, tena baada ya kupewa kibali. Duka lenye upungufu wa wafanyakazi linaweza kukupangia zaidi bila kusema chochote, na ukifanya kazi sehemu mbili hakuna anayekujumlishia. Hesabu mwenyewe. Siku ya kuongeza viza, uhamiaji huweza kuona kipato chako kwenye nyaraka za kodi, na huko hakuna jirani wa kukutetea.

Bahasha usitupe hata moja. Ile ya pensheni ndiyo inayotupwa zaidi, kwa sababu kijana wa miaka 23 haoni inamhusu nini. Inamhusu: kila mkazi wa miaka 20 hadi 59 huingizwa kwenye pensheni ya taifa, awe mgeni au mwenyeji. Mwanafunzi anaweza kuahirishiwa malipo, ila lazima aombe. Asipoomba, ukimya wake unahesabiwa kuwa deni. Bima ya afya nayo hutozwa kwa kipato cha mwaka uliopita, hivyo mgeni mpya hulipa kidogo, mradi ajaze tamko la kipato hata kama hakuwa na kipato chochote. Na kwa walioajiriwa: kodi ya ukaazi huja mwaka unaofuata, kuanzia Juni, kwa mapato ya mwaka uliopita. Mshahara wa mwaka wa pili utapungua mkononi. Weka akiba mapema. Bahasha ikikushinda, ibebe kama ilivyo uende nayo ofisi ya kata. Nyingi zina mkalimani kwa simu, na maofisa wa dirishani ni wavumilivu kuliko unavyotarajia.

Ukiugua, anzia zahanati ya mtaani. Bima hulipa asilimia 70 nawe unalipa 30. Ukikimbilia hospitali kubwa bila barua ya rufaa, utaongezewa yen 7,000 au zaidi kwa kufika tu. Gari la wagonjwa, namba 119, halitozwi. Ukiwa na dawa unazotumia kila siku, zichunguze kabla hujasafiri, maana baadhi ya dawa zinazoandikwa kwingine kwa utaratibu wa kawaida, hasa zenye amfetamini, ni marufuku kabisa Japani, na nyingine zikizidi kiasi cha mwezi mmoja huhitaji kibali cha kuingiza.

Chakula si shida kubwa kama watu wanavyoogopa. Bamia ziko kila supamaketi wakati wa kiangazi. Unga wa mahindi, maharage, viungo na nyama halali utavipata kwenye maduka ya Waislamu karibu na stesheni ya Shin-Okubo jijini Tokyo, na yako mengine katika miji mingi mikubwa. Kuku halali waliogandishwa huuzwa hata kwenye maduka ya bei nafuu ya kawaida. Mwislamu ajihadhari na mchuzi wa tambi, mafuta ya nguruwe yaliyofichika kwenye mikate na biskuti, na mirin, kiungo chenye kilevi kinachoingia kwenye vitoweo vingi. Misikiti ipo: wa Kobe ni wa tangu 1935, na Tokyo Camii uliojengwa upya ukafunguliwa mwaka 2000 hupokea wageni wa dini zote. Baridi utaizoea, kinachosumbua ni kwamba nyumba nyingi hupashwa moto chumba kimojakimoja, hivyo choo ni barafu. Na mvua za Juni na Julai huleta ukungu kabatini. Fungua madirisha, tandua kitanda.

Kwenye treni simu haipigiwi wala kupokewa, na watu husimama foleni palipochorwa sakafuni. Utaona pia kwamba kiti cha kando yako wakati mwingine hubaki kitupu behewa likiwa limejaa. Watu weusi wengi tunaoishi hapa tunalijua hilo. Sitakuambia ulifurahie, nakuambia usilihesabu kila siku, kwa sababu anayelihesabu huishia kuwaogopa hata wale wasiokuwa na neno naye. Polisi nao watakusimamisha, hasa ukiwa juu ya baiskeli usiku. Baiskeli yako iwe na namba ya usajili, na ukiinunua kwa rafiki, mbadilishe usajili mara moja. Taa iwake. Simu mkononi huku unaendesha ni kosa ambalo tangu Novemba 2024 linaweza kumpeleka mtu kifungoni hadi miezi sita au kumtoza faini hadi yen 100,000. Toa kadi yako kwa utulivu, na una haki ya kuuliza kwa upole kwa nini umesimamishwa. Kusimamisha watu kwa sababu ya rangi si haki, na wako wanaolipinga: Januari 2024 wakazi watatu walifungua kesi katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo kuhusu jambo hilohilo. Polisi haohao wa vibanda vya mtaani ndio utakaowakuta wamekutunzia pochi uliyoiangusha, na fedha zake zote ndani.

Kuna wakati mmoja tu Japani hupaza sauti, na wakati huo usingoje kuelewa kila neno. Simu zote chumbani hulia kwa mlio mmoja, vipaza sauti vya mtaa hufunguka, na televisheni huacha heshima zake. Tarehe 1 Januari 2024, rasi ya Noto ilipopigwa na tetemeko la kipimo cha 7.6, mtangazaji wa televisheni ya NHK alipiga kelele hewani akiwaamuru watu wa pwani wakimbie sasa hivi, wasirudi nyuma. Utangazaji wa namna hiyo umetokana na msiba wa tsunami ya Machi 11, 2011, ambapo maonyo ya sauti tulivu hayakuwatosha watu kuliepuka wimbi. Ukiwa ndani, ingia chini ya meza, linda kichwa, ungoje mtikisiko uishe ndipo utoke. Ukiwa pwani, panda juu. Kabla ya hayo yote, chukua ofisi ya kata ramani ya maafa, uende kwa miguu mpaka shule iliyotajwa kuwa kimbilio lako ili miguu iijue njia. Begi liwe mlangoni: maji, tochi, betri ya simu, dawa, nakala ya kadi, na fedha taslimu za noti ndogo na sarafu. Gesi hujikata yenyewe tetemeko likiwa kubwa. Jifunze mapema kitufe cha kuirudisha kwenye mita kiko wapi.

Haya yote yatakuwa mepesi ukipata mtu mmoja wa kukuambia ukweli moja kwa moja. Watu wa namna hiyo wana mahali pa kupatikana. Madarasa ya Kijapani yanayoendeshwa na wazee wa kujitolea chini ya manispaa ni ya bei ndogo au bure, na mwalimu wako pale atakuwa pia msomaji wa bahasha zako. Chama cha mtaa hutafuta watu wa kusafisha mifereji na kubeba kibanda cha miungu siku ya tamasha. Asiyetaka ibada ya Kishinto anaweza kusaidia jikoni au kupanga viti. Ukihamia, pita kwa majirani wa pembeni, wa juu na wa chini na kifurushi kidogo cha biskuti, taja jina lako, na waombe wakuambie sauti ikizidi. Mijini desturi hii imepungua, na mwanamke anayeishi peke yake ana sababu ya kuiacha kwa usalama wake. Wazee wanaopenda mbio ukiwatajia Tanzania watakutajia Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya kimataifa ya Tokyo mwaka 1984 na 1986. Mkenya atasikia habari za Samuel Wanjiru, aliyesoma sekondari Sendai. Mazungumzo yakianzia hapo, yaache yaendelee. Huyo ndiye wa kumuuliza kesho kuhusu mashine ya kufulia.

Kuondoka nako kuna karatasi zake. Toa taarifa ya kuhama ofisi ya kata, weka miadi ya vitu vikubwa wiki kadhaa kabla, maana mwezi Machi nafasi hujaa, na futa usajili wa baiskeli. Teua mtu wa kukulipia kodi ya ukaazi iliyosalia. Kama ulichangia pensheni kwa angalau miezi sita, una haki ya kudai malipo ya mkupuo, lakini dai hilo hutumwa ukiwa umeshatoka Japani na kabla ya miaka miwili kupita. Ofisi ya pensheni haitakukumbusha. Chukua fomu kabla ya kupanda ndege, tunza namba yako ya pensheni, na hakikisha akaunti ya benki ya nyumbani ina majina yaleyale ya pasipoti.